Jiko Lililofuata Upepo

Aliyeitangaza mimba yangu ya kwanza ni kitunguu maji. Kipimo cha duka la dawa kilikuja baadaye, kutia muhuri. Ilikuwa Februari 2024, nipo kwenye cherehani namalizia dera la mteja, mara kutoka chumba cha pili tulichokifanya jiko ikaja harufu ya kitunguu kinachoanza kugeuka rangi kwenye mafuta. Nikatoka mbio ukumbini hadi uani, nikatapika chini ya mwembe, mkasi bado nimeushika. Jioni ikawa vilevile. Kesho yake tukajaribu kimoja kimoja: nyanya haikuwa na shida, bamia haikuwa na shida, hata dagaa nilimvumilia. Kitunguu tu. Haya, nitajieni mchuzi wa pwani usioanza na kitunguu.

Nyumba yetu ipo Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ni nyumba ya Kiswahili ya kizamani. Ukumbi unapita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vimepangana kushoto na kulia, na kila kinachopikwa, kinachosemwa au kinachofichwa chumba kimoja hupitia ukumbini kwenda kwa wengine. Mbele tunatazama kaskazini. Nyuma, kusini, kuna ua wenye mwembe, choo na kamba za nguo. Pande hizi nazitaja mapema kwa sababu miezi iliyofuata nyumba nzima iliishi kwa kuziangalia.

Mume wangu ni karani kwa wakala mmoja wa forodha bandarini, na kazi hiyo imemfanya asiamini kuwa jambo limetokea mpaka liandikwe kwa nakala tatu. Siku aliyojua kuwa ataitwa baba alinunua daftari. Akawa anaandika nilichokula, nilichotapika, saa ngapi, na nani alikuwa anakaanga nini. Kutoka kwenye daftari hilo ukatoka uamuzi: jiko litoke ndani, na mpishi ni yeye. Akabeba mtungi wa gesi, ule mdogo wa kilo 6, akautua uani, akaegesha sinia ukutani kukinga upepo.

Mpango ulikuwa na akili ndani yake. Kuanzia Desemba hadi Machi pwani yetu hushikwa na kaskazi. Kwetu upepo huo unaingia mlango wa mbele, unapita ukumbini, unatokea uani na kuondoka na kila harufu kuelekea kwa majirani wa nyuma, Mungu awalipe. Mchana wote nikashona kwa amani. Tatizo likabaki alfajiri. Mume wangu akikaanga mboga ya kubeba kazini, harufu inarudi ndani kinyumenyume na kunikuta kitandani, ilhali mchana wa jana upepo huohuo ulikuwa rafiki.

Akaenda Deep Sea, soko la samaki, kununua changu na kuuliza maswali. Wavuvi walimcheka kwanza, kisha wakamweleza. Kabla ya jua kuchomoza upepo hutoka nchi kavu kwenda baharini. Wanauita umande, na ndio unaozitoa ngalawa. Jua likishapanda, nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, na upepo unageuka kutoka baharini. Akarudi nyumbani na changu wawili na ratiba, akaibandika kwenye mlango wa uani: alfajiri uji na vya kuchemsha tu, kukaanga kuanzia saa nne, mwisho magharibi. Wavuvi wakampa jina la Nahodha. Jina likafika mtaani kabla yake.

Mimi nilikuwa nakula wali kiporo na embe bichi lenye chumvi. Hiyo ndiyo ilikuwa karamu yangu, pamoja na barafu za ukwaju wanazouza watoto kwenye vifuko. Nilikuwa nazivunja kwa meno hadi mume wangu anaziba masikio. Usiku alikuwa anasoma simu. Desemba 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa akina Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Cambridge, unaohusisha kichefuchefu kikali cha wajawazito na homoni iitwayo GDF15. Homoni hiyo hutoka kwa wingi kwa mtoto na kondo la nyuma, na mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba ndiye anayeumia zaidi. Alinisomea kwa furaha ya mtu aliyemkamata mwizi.

"Umeona? Mimi simo, kitunguu hakimo. Ni mtoto."

Nikamwuliza nusu ya huyo mtoto imetoka kwa nani. Akazima simu.

Siku chache kabla ya Ramadhani akaja mama yake kutoka Pangani. Basi lilimshusha na kuku majike wawili, nazi, khanga tatu mpya na furushi lililofungwa kwa gazeti na kamba ya katani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umebaki mifupa? Huyu anakulisha nini, risiti?"

Nilitaka kumjibu, lakini lile furushi lilikwisha kunijibu mimi. Ndani yake mlikuwa na papa mkavu. Wasioijua pwani niwaambie tu kwamba papa mkavu ni kitoweo cha heshima. Akiungwa kwa nazi na ndimu hugombanisha ndugu, ila kabla ya kuungwa hana adabu kabisa. Nikamkumbatia mkwe wangu huku nimebana pumzi, nikaenda kwa mwembe wangu.

Mama mkwe alikuja na papa na alikuja na miiko. Nisisimame mlangoni, nitamfungia mtoto njia. Nisile ndizi zilizoungana, nitazaa mapacha, na hapo akanyoosha kidole upande wa pili wa barabara, kwa jirani yetu mama wa mapacha, ingawa hakuwa amemwuliza alikula nini. Mayai marufuku, mtoto atazaliwa hana nywele. Wale kuku wake wawili walianza kutaga wiki hiyohiyo, na kila siku aliokota mayai na kuyafungia kabatini. Mume wangu alimsomea kutoka kwenye simu habari za protini. Akasikiliza hadi mwisho, akasema vizuri sana, na ufunguo akaufunga kwenye ncha ya khanga.

Lililowagombanisha hasa ni moto. Mama mkwe haamini wali uliopikwa kwa gesi. Wali, kwake, ni mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko. Mwanawe akamwambia moshi wa mkaa unamdhuru mjamzito na unaweza kupunguza uzito wa mtoto, na hilo ni kweli. Akaongeza, kama karani, kwamba serikali ilikwisha kuzikataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kutumia kuni na mkaa.

"Sisi hapa wangapi?"

"Watatu, mama."

"Basi niletee hao tisini na wanane waliobaki, ndiyo nitazima."

Wakaafikiana kwamba jiko la mkaa likae chini kabisa ya mwembe, mbali na mlango, na gesi ibaki ukutani. Nikawa na majiko mawili, wapishi wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameniuliza ninataka kula nini. Embe bichi nilijinunulia mwenyewe.

Kisha mwezi ukaandama. Ngamiani wakati wa Ramadhani, kuanzia alasiri, kila nyumba ina karai jikoni: sambusa, bhajia, kalmati, katlesi. Mimi sikufunga, dini imemruhusu mjamzito na mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kunikumbusha. Lakini pua haikupewa ruhusa yoyote. Kwetu jiko lilikuwa limepangwa kisayansi. Barabara haikupangwa. Mama wa mapacha, tunayetazamana naye, alikuwa anauza bhajia barazani kwake, kaskazini mwetu, na kaskazi ileile iliyokuwa inatusafishia nyumba ikawa inatuletea kila kitunguu alichokitia kwenye unga wake.

Mume wangu akavuka barabara na daftari lake kumwomba asogeze karai upande wa pili wa nyumba. Jirani alimsikiliza kwa upole wa mtu aliyefunga.

"Nahodha, na upepo nao siku hizi unalipiwa ushuru?"

Alirudi kichwa chini. Usiku akapata wazo ambalo mpaka leo analitaja kwa fahari: aende na zawadi, na zawadi iwe papa. Kwa pigo moja angeondoa harufu mbili. Na papa alikuwa lazima aondoke, kwa sababu nyingine ambayo hatukujua tutamweleza vipi mama mkwe. Papa anakula samaki waliokula samaki, na zebaki iliyomo baharini inazidi kujikusanya mwilini mwake kwa kila anayemmeza, kwa hiyo wajawazito hushauriwa wamwepuke. Dagaa na vibua, wadogo na wenye maisha mafupi, hawana makuu. Lakini nani atamwambia mwanamke wa Pangani kwamba papa wake ana sumu? Furushi likatoka chini ya kitanda cha mama mkwe wakati wa tarawehe, likavuka barabara gizani.

Karai lilihama. Likakaa uchochoroni siku mbili, wateja wakalitafuta barazani wasilione, siku ya tatu likarudi pale pale. Kuanzia hapo ikifika saa kumi ninachukua bajaji hadi Raskazone, nakaa ufukweni na ndimu mkononi ya kunusa. Siku ya kwanza nilidhani nipo peke yangu. Nikamwona mwanamke mwingine kwenye gogo, tumbo limeshatoka, naye ameshika ndimu. "Bhajia?" nikamwuliza. "Samaki," akasema. "Mume wangu ana karai la samaki Chumbageni." Tukawa tunakutana pale kila jioni, yeye, mimi, na baadaye mwingine aliyekimbia vitumbua, tukingoja adhana ya magharibi ituambie kwamba mji umemaliza kukaanga.

Sasa jirani mwema humrudishia mwenzake. Jioni moja, sahani za futari zikiwa zinavuka barabara huku na huku, mapacha wakaleta bakuli limefunikwa kwa kawa. Salamu za mama, na hii ni kwa bibi kutoka Pangani. Mama mkwe akafunua. Mchuzi wa papa wa nazi, mzito, umekolea bizari. Akachovya mkate, akatafuna, akaacha kutafuna. Akachovya tena.

"Papa huyu namjua."

"Papa wote wa Tanga wametoka bahari moja, mama," mume wangu akasema.

"Bahari moja, lakini aliyemtia chumvi huyu ni dada yangu."

Akainuka, akaenda chumbani, tukasikia kitanda kikisogezwa. Mimi nikaangalia tende. Mume wangu akaangalia dari. Mama mkwe akarudi, akakaa, akala ule mchuzi hadi akalifuta bakuli, hakusema neno. Kesho yake akapiga simu Pangani mbele yetu, kwa sauti, akaagiza mwingine mkubwa zaidi.

Idd ilikuwa Jumatano, 10 Aprili. Nyumba ilijaa: mawifi, shangazi wa Dar es Salaam, watoto wasiohesabika. Wavuvi walikwisha kumwonya Nahodha wao kwamba Aprili, masika ikianza, kaskazi huaga na kusi ikaingia, na mtu mwenye jiko lake upande wa kusini ajipange mapema. Aliandika kwenye daftari: kuhamisha jiko, baada ya sikukuu.

Saa tano hivi nilikuwa chumba cha mbele na wageni wangu, nimevaa dera jipya la kushona mwenyewe, nasimulia. Pazia la mlango wa mbele, ambalo tangu Februari lilikuwa linajaa upepo kuja ndani, likalegea. Likakaa wima kidogo. Kisha likajaa upande wa pili, kuelekea barabarani. Nililitazama bila kuelewa, na kabla sijaelewa ukumbi mzima ukaniletea kila kilichokuwa uani. Pilau ilikuwa imekwisha funikwa na kupaliwa makaa juu, na kando yake mama mkwe alikuwa anakaanga kilo nzima ya vitunguu vya mchuzi wa kuku.

Nikatoka mbele, mbio, na wanawake wote nyuma yangu wakidhani kuna moto. Tukavuka barabara. Mama wa mapacha akatutandikia mikeka barazani kwake, na sikukuu yetu ikahamia huko, na biskuti zake.

Mume wangu, huku nyuma, akatangaza dharura. Kila kitu kilichoko uani kiende mbele, upande wa kaskazini, sasa hivi. Mama mkwe akasema pilau haihamishwi, ni haramu, itaharibika. Hakusikilizwa. Mume wangu akashika mkono mmoja wa sufuria kwa gunia, kijana wa jirani akashika wa pili, wakaingia uchochoro wa pembeni mwa nyumba, nusu kutembea nusu kukimbia, na wa tatu akafuata na karai la vitunguu. Makaa juu ya kifuniko hakuna aliyeyakumbuka. Walipokata kona ya mbele wakakutana na mapacha wawili wenye kanzu mpya na baiskeli mpya za Idd, ambao walikuwa bado hawajajua breki ziko wapi. Sufuria likaenda kushoto, kifuniko kikaenda kulia. Nusu ya makaa ilimwagika mchangani. Nusu ilizama ndani ya pilau, ikalia tsss, na mvuke ukapanda juu ya paa.

Nilisikia upande wa pili wa barabara kimya cha watu wengi wanaofikiria mama mkwe atasema nini.

Alikuja taratibu kutoka uani, akachungulia sufuria, akachukua upawa na kuanza kuopoa makaa moja moja, akiyapanga kwenye sinia. Kisha akageuza pilau kutoka chini kuja juu, akaonja. "Pakueni," akasema. Wakapakua. Shangazi wa Dar es Salaam alikula sahani mbili, akauliza humu mmetia nini, ina harufu nzuri ya kuchoma.

"Hiyo ni pilau ya Pangani," mama mkwe akamjibu, bila kupepesa.

Mimi nililetewa sahani barazani nikijua itarudi. Nikaipeleka puani. Kitunguu kilikuwa kimefunikwa kabisa na mkaa. Nikala kijiko, nikala cha pili, nikamaliza. Kisha nikajikuta nimesimama mbele ya lile sinia, nimeokota kipande cha mkaa kilicholowa mafuta ya pilau, nakitafuna. Kilikuwa kitamu, na sitawadanganya. Mama mkwe aliniona. Akakata kipande cha gazeti, akanifungia vingine vitatu, akavitia mfukoni mwa dera.

Mkaa huo ulinipeleka kliniki mapema. Mume wangu aliuandika, akaona haupo kwenye orodha ya vyakula, akanishika mkono. Nesi akanichoma kidole. Damu ilikuwa chini ya 11, kiwango ambacho mjamzito akishuka hapo anahesabiwa kuwa na upungufu. Akaniuliza kama nakula udongo wa Pemba. Hapana. Barafu? Nikacheka peke yangu. Hamu ya barafu, mkaa, udongo, mchele mbichi, mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma, akasema. Ipi inamleta mwenzake, wataalamu bado wanabishana. Mtafiti Sera Young, aliyefanya kazi Pemba na wajawazito wenye hamu hizo, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 2011, Craving Earth, na mume wangu sasa anakitaja mbele ya watu waliokuja kunywa chai tu.

Chai yenyewe ndiyo ilikuwa imetuponza. Vidonge vya kuongeza damu nilikuwa namezeshwa kila asubuhi na mume wangu kwa chai ya rangi, kwa upendo, na majani ya chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Nesi akataka nimeze kwa maji na kitu chenye vitamini C. Tukahamia kwenye machungwa ya Muheza, chai ikasogezwa mbali na vidonge, na mama mkwe, ambaye hajapata kunyimwa chai tangu kuzaliwa, akapewa birika lake mwenyewe na amri ya kunywea uani.

Jiko, baada ya Idd, lilibaki mbele. Kwa kuwa masika ilikuwa inanyesha, Nahodha akasimamisha miti minne barazani, akaezeka makuti, akaingiza humo gesi, mkaa na meza. Akasahau kwamba banda la makuti mbele ya nyumba, lenye mwanamke mtu mzima na chapati, lina maana moja tu katika mji huu. Asubuhi ya kwanza mwendesha bodaboda akaegesha, akaketi, akaagiza chapati mbili na maharage. Mama mkwe akamtazama. Akamtilia.

Mwisho wa wiki alikuwa na wateja wa kudumu, benchi, na chetezo cha udi cha kufukuzia nzi. Mwanawe akirudi kazini anaambiwa akakate vitunguu. Akilalamika kuhusu mkaa anakumbushwa wale watu mia: "Tulia, tunaelekea huko." Tarehe 4 Mei, kimbunga Hidaya kilipofika pande za Mafia, sisi huku tuliambulia upepo uliotosha kubeba nusu ya makuti hadi kwa fundi baiskeli. Yakarudishwa, wateja wakisaidia. Siku nne baadaye Rais Samia akazindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mume wangu alipandisha sauti ya redio ili mama asikie. "Miaka kumi," mama akasema, "nitakuwa nimeshapumzika," akageuza chapati.

Kuna jambo sikuwaambia. Kabla ya kile kimbunga, mchana mmoja, kitunguu kilipita dirishani, kikazunguka chumba, kikatoka, na mimi nikabaki kwenye cherehani. Kesho yake hivyo hivyo. Kichefuchefu kilikuwa kimekwisha, kama kinavyowaishia wengi mimba ikiingia mwezi wa nne au wa tano. Ningesema, jiko lingerudi ndani siku ileile. Lakini banda lilikwisha kununua beseni, nepi, khanga za kujifungulia na nusu ya kitanda cha mtoto. Nikanyamaza, nikashona.

Siri ilitoka usiku, mwisho wa Mei. Niliamka na jambo moja tu kichwani, nikamwamsha mume wangu.

"Nataka papa."

Aliketi. Bila hata kuwasha taa akaanza na zebaki, akapita kwa samaki wakubwa wote, akafika kwa vibua, akasema alfajiri atakuwa Deep Sea wa kwanza. Nikamwambia sitaki kibua, nataka mchuzi wa papa, na nikaanza kulia kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe. Kutoka chumba cha pili, kupitia ukumbi usioficha kitu, mama mkwe akasema:

"Yule wa pili nilimpeleka kwa jirani. Si nyinyi mlimwonyesha njia?"

Basi Nahodha akajifunga shuka, akavuka barabara, akagonga dirisha la mama wa mapacha saa nane usiku. Nilimsikia akijieleza kirefu, na nilimsikia jirani akijibu kifupi: papa ameliwa, mchuzi umebaki. Akarudi na bakuli. Akalishika chini ya taa, akaopoa minofu yote, akanibakishia kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akaandika kwenye daftari. Nikamimina mchuzi juu ya wali kiporo, nikala kimya. Alikuwa ananitazama, kisha akalitazama sinia.

"Hii ina vitunguu."

"Vingi."

"Na hutapiki?"

"Sijatapika tangu kabla ya kimbunga."

Ukumbini tukasikia mama mkwe akicheka peke yake, kitandani kwake, muda mrefu.

Asubuhi bakuli la jirani likaoshwa. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu, kwa hiyo mama mkwe akafungua kabati, akapanga ndani yake mayai ya kuku wake, akaelekea mlangoni. Mume wangu akamtangulia, akachota mawili.

"Ya nini hayo?"

"Ya mke wangu."

Mama akasimama pale pale kizingitini alipotukataza sisi kusimama, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akatazama tumbo. Akasema sawa, tuyale, lakini siku ya kumnyoa mtoto tusimtume mtu Pangani kumwita, maana hatakuja na wembe kunyoa hewa.